Wanaoniuliza Kuhusu Bastola Yangu, na Wasioniuliza

Mtu akiniuliza kwa nini nina bastola, simkasirikii. Nimeishi nayo miaka kadhaa hapa Bwera, wilaya ya Kasese, hatua chache kutoka mpaka wa Congo, na karibu kila aliyeniuliza tuliagana vizuri, hata kama hakukubaliana nami. Anayenitia wasiwasi ni yule anayeiona, akacheka, akanipiga bega na kusema, "Sasa wewe ni mwanaume." Huyo nikimwona jioni anafungua geti langu najua kuna ombi linakuja, na najua kabisa ni ombi la aina gani.

Mimi hununua kahawa. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, Mnubi wa Bombo. Mama ni Mkonzo wa huku milimani. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, nasi watoto tukakuta kimeshajaa nyumbani. Msimu ukifika napanda Kyarumba, Kisinga na vijiji vya juu zaidi, napima, nalipa. Kupima hakuna shida, shida iko kwenye kulipa. Watu wa Kampala huniambia, "Si uwatumie kwa simu?" Simu ipo. MTN walileta mobile money 2009, na leo hata bibi wa kule juu kabisa ana laini yake ameifunga kwenye kitambaa. Lakini Julai 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye mobile money, wakulima niliokuwa nimewazoesha simu walirudi kwenye noti karibu wote. Kodi ikapunguzwa mwaka huohuo, ikabaki asilimia 0.5 kwa anayetoa pesa, ila imani haikurudi. Mtu ameuza magunia mawili, hataki akatwe na serikali, akatwe na kampuni, kisha ateremke hadi senta akute wakala hana floti. Anataka noti mkononi, azihesabu mbele yangu akilowesha kidole kwa ulimi, na akimaliza aanze upya.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia ununuzi, fedha hulala kwangu, na wanaojua kwamba zinalala kwangu ni wengi. Wapagazi wanajua, dereva anajua, muuza chai wa barabarani anajua kwa sababu siku hiyo naagiza chapati za watu wengi. Mwenzangu mmoja katika biashara hii alivamiwa usiku kama huo, na hakupona. Sitaeleza zaidi, mjane wake yuko hai na tunaonana sokoni. Baada ya arobaini yake niliandika barua ya maombi.

Wengi hudhani bastola hununuliwa dukani kama redio. Yangu ilianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye ilibidi aandike kwamba ananifahamu na sina ugomvi na mtu. Kutoka hapo kwa GISO, afisa usalama wa kata, kwa DISO, yule wa wilaya, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mbele ya kamati ya usalama, kisha karatasi zikaelekea Naguru makao makuu ya polisi. Nilichukuliwa alama za vidole, nikapelekwa kwa daktari aniangalie akili, nikatakiwa nionyeshe kwamba najua kuishika. Kila meza swali lilikuwa moja: kwa nini?

Na Kasese si mahali pa kuulizwa hivyo kwa wepesi. Novemba 2016 jeshi na polisi waliingia katika ikulu ya mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, mjini Kasese, na katika siku mbili za mapigano watu zaidi ya 100 walikufa. Ukiwa na mama Mkonzo, ukaenda ofisini kuomba silaha baada ya hapo, usitegemee kupewa kiti. Yule aliyenihoji muda mrefu zaidi hakutaka kusikia habari za kahawa. Alitaka kujua mjomba wangu yuko wapi, binamu zangu wanafanya nini, jirani yangu huingia Congo mara ngapi. Nilimjibu mchana kutwa. Nilipotoka nilikuwa na hasira, lakini kwenye boda boda nikirudi nyumbani nikawaza: huyu mtu amenihoji hivi kwa sababu kesho nikifanya balaa jina lake litatajwa. Na jirani yangu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, yeye atakosaje kuniuliza?

Tangu siku ile nikakata shauri kwamba yeyote anayeishi pale ambapo risasi yangu inaweza kufika ana haki ya kuniuliza.

Nina binamu yuko Marekani, Texas, mtoto wa shangazi. Naye ana bunduki, tena nyingi kuliko yangu moja. Nilipomwambia kuhusu maswali ya majirani alishangaa sana. "Waambie hayawahusu," akasema, "waambie ni haki yako." Kwao, kweli, kuna Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya tangu 1791, na mtu anaweza kuyasimamia barabarani akayataja. Hapa nitataja nini? Katiba yetu ya 1995 haina kifungu kama hicho. Tuna Sheria ya Silaha ya 1970, na inachotoa ni kibali, na kibali kinaweza kunyang'anywa. Nairobi, Aprili 2004, Uganda na nchi jirani ziliweka sahihi itifaki ya kudhibiti silaha ndogondogo, na humo raia haruhusiwi kabisa kuwa na bunduki za kujifyatua mfululizo. Nikimjibu jirani wa Bwera kwa maneno ya Texas atanicheka, tena ataniogopa zaidi. Binamu yangu tunapendana, lakini kwa jambo hili hatusaidiani kitu.

Swali zito kuliko yote sikuulizwa na serikali wala jirani. Aliniuliza mama mkwe.

Mke wangu ni Muganda wa Luweero. Mama yake alikuwa msichana wakati wa vita vya 1981 hadi 1986, na Kiswahili alikisikia kwanza vizuizini, kutoka kwa wanaume wenye bunduki: lala chini, toa pesa, panda gari. Alipoambiwa binti yake anaolewa na mtu anayezungumza Kiswahili nyumbani, aliuliza kama ni askari. Akaambiwa ni mnunuzi wa kahawa, akapumua. Sasa fikiria amekuja kumsaidia binti yake aliyejifungua, na siku ya tatu mjukuu wa miaka mitano anamwambia, kwa fahari kabisa, "Jjajja, baba ana bunduki!"

Wanaozifahamu mila za Baganda wanajua kwamba mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawapeani mkono, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo yeye alikuwa chumba cha ndani, amekaa kwenye mkeka, mimi sebuleni, na katikati yetu pazia. Begi lake nililiona chini ya pazia, limeshafungwa zipu. Alizungumza na binti yake, kwa Kiganda, kwa sauti iliyopimwa inifikie mimi.

"Mwambie mume wako mimi siulizi kwa nini ameinunua. Wanaume wana sababu siku zote. Nauliza, akilewa inakuwaje?"

"Mama, halewi. Ni Mwislamu."

"Akikasirika?"

Mke wangu hakusema kitu. Nilingoja anitetee, hakunitetea. Mtoto akalia kidogo, akanyonyeshwa, na swali likawa bado liko pale kwenye pazia.

Ikabidi nijibu mwenyewe, nikiwa nimeinamisha kichwa kana kwamba ananiona. "Maama, inakaa ndani ya sefu, na sefu imefungwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Basi ukikasirika unao."

Nimehojiwa na watu waliosomea kuhoji, na hakuna aliyenifikisha pale. Jumapili ileile nilimtafuta fundi vyuma wa Mpondwe akaongeza kufuli ya pili kwenye sefu, na ufunguo wake nikamkabidhi mke wangu. Hakuna kati yetu anayeweza kufungua peke yake. Usiku fedha zinapolala nyumbani sote tupo, chumba kimoja, tunafungua pamoja. Alfajiri nikipanda mlimani anafungua kufuli yake akiwa bado na kanga begani, nami nafungua yangu. Na ikiwa jana yake tumegombana, nayo imewahi kutokea, anaweza kukataa na nikaenda bila bastola. Mama mkwe alilifungua begi. Hajawahi kuniambia kama ameridhika, ila alikaa hadi mtoto akaanza kutambaa.

Kuna wanaouliza kwa udadisi tu: "Imeshakusaidia?" Wanataka hadithi ya sinema. Ninayo hadithi moja, nayo si ya sinema. Tulikuwa tunateremka kutoka Kyarumba magharibi inaingia, nyuma tumepakia kahawa, mimi nimebaki na fedha ambazo hazikutumika. Kwenye kona tukakuta mti umelazwa barabarani na vijana wenye mapanga wamesimama upande wa juu. Mkono wangu ulikwenda kiunoni, ukakuta mkanda wa gari umepita juu ya bastola, shati limejikunja chini ya mkanda, na kidole gumba kimenasa kwenye shati. Nikawa navuta kitambaa. Wakati mimi navuta kitambaa, Thembo dereva wangu alishaweka gia ya kurudi nyuma, kichwa nje ya dirisha, akapandisha ile pikapu kinyumenyume kwenye barabara ambayo wengine huiogopa hata wakienda mbele. Akaingia kwenye ua wa kanisa, akageuza, tukalala kijiji cha juu. Hakusema neno hadi tulipofika, kisha akauliza kama ana haki ya kuongezewa mshahara. Alikuwa nayo.

Nikimaliza hadithi hiyo mtu huuliza, "Basi ya nini?" Nami humwambia kwamba barabarani ana haki ya kusema haina kazi. Naiweka kwa ajili ya saa nane za usiku, mlango ukigongwa na mtu asiyejitaja, na kituo cha polisi kilicho karibu kina pikipiki moja ambayo mara ina mafuta, mara haina. Hapo sina Thembo. Wengine hukubali, wengine husema wangeweka mbwa na taa za sola. Mbwa ninaye na taa ninazo, nao ndio walinzi wangu wa kwanza.

Sasa wale wasioniuliza.

Wa kwanza alikuwa binamu wa upande wa mama, mwenye kesi ya mpaka wa shamba na jirani yake. Miti ya mpaka ilikuwa imeng'olewa usiku, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Alikuja na kuku wawili, akasifu nyumba, akasifu watoto, kisha akasema, "Kesho tunakaa kikao. Njoo tu ukae. Usiitoe, wala usiseme kitu. Wakiona shati limevimba hapa kiunoni, watatulia." Nilikataa. Akawaacha kuku, akaenda kwa mama yangu, na saa tatu usiku mama akanipigia simu kuniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa kutupa ndugu. Kwa mama huwezi kusema hapana mara mbili. Nilienda kwenye kikao. Bastola niliiacha kwenye sefu, shati nikalichomekea ndani ya suruali, mkanda nikaukaza, tumbo langu lote likawa hadharani, nikakaa kwenye benchi la mbele ambapo kila mtu aliona kwamba sina chochote isipokuwa kitambi. Binamu yangu aliniangalia kwa macho ambayo sitayasahau. Wazee walipima kwa hatua, mwenyekiti wa LC2, baraza lililo juu ya la kijiji, akaandika, mpaka ukarudi karibu na ulipokuwa. Kuku tulishawala.

Msimu wa kampeni za uchaguzi wa 2021, mgombea mmoja alinitaka nikae kiti cha mbele cha gari lake. "Kukaa tu," akasema. Nimeona kwamba wote husema hivyo, kukaa tu. Nilipokataa alieneza kwamba niko upande wa mpinzani wake. Mpinzani akasikia, akaja kunipongeza kwa msimamo wangu, akanywa chai, kisha akaniuliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi ya kukaa kwenye gari lake yeye.

Na kuna mfanyabiashara mwenzangu, mtu mzuri, anayeswali safu moja nami Ijumaa, aliyekuja kuniambia, "Niazime usiku mmoja. Nina mzigo unaingia." Huyu alinikaza zaidi kwa sababu shida yake ilikuwa ya kweli, ni shida yangu mimi. Lakini kibali kina jina langu na namba ya silaha ile, hakitaji rafiki. Tangu alipouawa mbunge Ibrahim Abiriga, Juni 2018, na Rais akaliambia Bunge kwamba kila bunduki nchini lazima ichukuliwe alama zake, risasi ikiokotwa mahali wataalamu wana njia ya kuifuatilia hadi kwenye bunduki iliyoitoa. Ningemwazima usiku mmoja, na kosa la usiku ule lingekuwa langu maisha. Alinuna. Kisha Mei 2023 ikatokea ile habari ya Kampala, konstebo wa polisi aliingia ofisini kwa mkopeshaji mmoja Mhindi akampiga risasi mchana kweupe, na polisi wakaeleza kwamba askari huyo alikuwa amekwisha kuzuiwa kushika silaha kwa sababu ya maradhi ya akili, na bunduki aliyotumia ilikuwa ya mwenzake. Rafiki yangu aliniletea habari hiyo mwenyewe, kwenye simu yake, akanisomea yote. Hatukurudia tena suala la kuazimana.

Mwezi ule ulikuwa mbaya kwa sisi wenye vibali. Tarehe 2 Mei waziri wa nchi Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mlinzi wake mwenyewe, askari wa jeshi. Watu walinisimamisha sokoni: "Umeona? Hata waliofundishwa!" Sikuwa na la kubisha. Askari yule alifundishwa, alipewa silaha kihalali, alikuwa kazini. Nikikujibu kwamba mimi ni tofauti, utaniamini kwa lipi? Niliwaambia tu habari za zile kufuli mbili, na walioelewa haraka zaidi walikuwa wanawake.

Mama Masika, jirani wa nyuma, ndiye aliyeutumia ujumbe huo vizuri. Watoto wake hucheza kwangu kila siku kwa sababu nina bomba la maji na mwembe. Alikuja asubuhi, hakukaa, akauliza waziwazi: watoto wanapocheza ile kitu iko wapi? Kwa kawaida swali la "iko wapi" silijibu. Kwa nini ninayo, nakueleza hadi uchoke. Iko wapi, hapana, maana anayetaka kujua iko wapi huenda anataka kuifuata. Lakini mama mwenye watoto ana sababu nyingine. Nilimwambia imefungwa, risasi hazikai ndani yake, na ufunguo mmoja uko kwa mke wangu. Akanipita, akaenda jikoni kumuuliza mke wangu kama ni kweli. Aliporudi alisema, "Haya," akawaacha watoto.

Kisha Juni. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Congo wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakachoma bweni la wavulana na kuwakata wasichana. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa wanafunzi. Sisi wa umri wangu tulikuwa tumeshaishi na jina hilo tangu Novemba 1996, waliposhambulia Mpondwe mara ya kwanza, na 1998, walipochoma wanafunzi 80 chuo cha ufundi cha Kichwamba. Tulidhani yamepita. Kuhusu usiku ule wenyewe nitasema hili tu: nilisikia, nilizima taa, niliwalaza watoto chini sakafuni, tukafungua kufuli zote mbili, nikakaa na bastola mkononi nyuma ya mlango nikijua kabisa kwamba kikundi kile kikifika kwangu haitafaa kitu.

Baada ya mazishi maswali yaligeuka. Watu walewale waliokuwa wakiniuliza kwa nini ninayo sasa walikuja mmoja mmoja baada ya isha kuniuliza waipate vipi. Mmoja wao, mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi alinipinga hadharani kwa hoja nzuri sana, alikaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akinipingia, akatoa kalamu aandike ofisi moja baada ya nyingine. Nilimpa orodha. Pia nilimwambia nilivyokaa nyuma ya mlango. Aliandika orodha, akakunja karatasi, na hadi leo sijasikia kwamba amekwenda kwa LC1. Sijui kama nilimkatisha tamaa au nilimwokoa. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeogopa jana usiku hafai kuamua leo asubuhi kununua silaha, na kama angeniuliza ushauri ningemwambia asubiri msimu mzima kwanza.

Swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa lilitoka Bombo, kwa ami yangu. Alikuwa askari wa Amin hadi 1979, akakimbilia Sudan, akarudi mzee. Nilidhani yeye atafurahi. Aliitazama kwa muda, hakuigusa, akaniuliza, "Ukifa inakwenda kwa nani?"

Nikasema sijui, labda kwa kaka yangu.

"Sisi tulipokimbia, wengine walizitupa migombani. Unadhani zilioza?" Akaanza kunihesabia habari za Moroto, huko Karamoja, jinsi kambi ilivyoachwa mwaka ule wa 1979 na wananchi wakajibebea ghala zima. Serikali imezifuata bunduki za Karamoja kuanzia 2001, ikazifuata tena kwa nguvu 2006, na Julai 2021 ikaanza upya, operesheni nzima ikapewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Ami alicheka aliposikia jina hilo redioni. Kwa maoni yake kazi hiyo yote ni ya kuokota vitu ambavyo wenyewe hawakusema vikabidhiwe nani.

Nilirudi Bwera nikaandika karatasi, mbele ya imamu na mwenyekiti wa LC1: nikifa, mke wangu na imamu waifungue sefu, bastola na risasi zote ziende polisi pamoja na kibali, wapewe hati ya kupokelewa, na isigawanywe katika mirathi. Nakala moja iko kwa mke wangu, moja kwa imamu. Kaka yangu alipewa asome kwa sababu jina lake halimo. Aliisoma mara mbili, akauliza kama namwona yeye ni jambazi. Nikamwambia hapana, ila hana kibali. Akasema kibali kinaombwa. Nikamwambia basi aombe, aanze kwa mwenyekiti, apitie meza zote, na kila meza wamuulize kwa nini. Hajaanza. Mimi ameacha kunipigia simu, lakini miche ya kahawa mkewe bado anakuja kuchukua, na mwezi uliopita alichukua mia mbili kwa mkopo.